Karata ya kukatia: kwa nini mhesabu karata huitazama kuliko kanuni za meza

Chukua meza mbili za blackjack, mchezo wa kukaribia 21 bila kuivuka, zilizo jirani, zote zinachezeshwa kwa pakiti sita za karata. Ya kwanza ina kanuni za ukarimu. Mgawaji husimama, yaani haongezi karata, kwenye kila 17, mchezaji anaweza kuongeza dau maradufu hata baada ya kupasua jozi, ree zinaweza kupasuliwa zaidi ya mara moja, na anayeona mkono wake ni mbovu anaruhusiwa kusalimu amri akanusuru nusu ya dau. Ya pili ni ngumu zaidi: mgawaji huongeza karata akiwa na 17 yenye ree inayohesabika kama 11, ree hupasuliwa mara moja tu, na kusalimu amri hakuna. Mchezaji anayejua mbinu ya msingi, yaani uamuzi bora kwa kila mkono bila kuhesabu karata, ataketi ya kwanza bila kusita, naye atakuwa sahihi. Pale kasino inamzidi kwa takriban asilimia 0.3 ya kila dau. Kwenye ya pili inamzidi kwa zaidi kidogo ya asilimia 0.6.

Sasa ongeza jambo moja ambalo halikuandikwa popote kwenye kitambaa cha meza. Meza ya kwanza, mgawaji anachanga karata upya kila zinapotoka pakiti tatu kati ya sita. Meza ya pili anagawa pakiti tano ndipo achange. Mhesabu karata ataiacha meza ya ukarimu na kwenda kukaa kwenye ile ngumu, na tofauti ya pato lake haitakuwa ndogo.

Jambo hilo lisiloandikwa huitwa kina cha ugawaji: ni kiasi gani cha karata kinagawiwa kabla ya kuchanga upya. Huamuliwa na kipande kimoja cha plastiki, karata ya kukatia, ambayo mgawaji huichomeka ndani ya rundo kabla ya kulitia kwenye kisanduku. Ikitokeza, raundi hiyo inamaliziwa na karata zote zinachangwa. Zilizobaki nyuma yake hazichezwi.

Ili kuona kwa nini kipande hicho kina uzito huo, tuanze na kile ambacho mhesabu anakihesabu. Mfumo unaotumiwa zaidi ni Hi-Lo, ambao Harvey Dubner aliutambulisha mwaka 1963. Kila karata ndogo inayotoka, kuanzia 2 hadi 6, inaongeza 1. Karata za 7, 8 na 9 hazibadilishi kitu. Kila 10, karata ya picha au ree inapunguza 1. Hakuna haja ya kukariri karata moja moja. Unabeba namba moja tu kichwani, inapanda na kushuka. Namba ikiwa juu, maana yake karata ndogo nyingi zimekwisha kutoka na zilizobaki zina makumi (10 na karata za picha) na ree kwa wingi kuliko kawaida.

Wingi huo unamfaa mchezaji kuliko mgawaji, ingawa wote wawili wanachota kwenye kisanduku kilekile. Mchezaji akipata blackjack, yaani ree na kumi kwenye karata zake mbili za kwanza, hulipwa moja na nusu ya dau. Mgawaji akiipata huchukua dau tu, hana ziada. Mgawaji hana uhuru: akiwa na 12 hadi 16 lazima aongeze karata, na makumi yakiwa mengi anavuka 21 mara nyingi zaidi, ilhali mchezaji anaweza kusimama na kungoja. Anayeongeza dau maradufu akiwa na 10 au 11 naye anaomba karata kubwa.

Lakini namba hiyo ya kichwani, peke yake, inadanganya. Tuseme imefika +6. Zikiwa zimebaki pakiti tano, hizo karata sita za ziada zimetawanyika ndani ya karata 260 na hazina uzito wowote wa maana. Ikiwa imebaki pakiti moja na nusu, karata sita zilezile zimo ndani ya 78. Ndiyo sababu mhesabu hugawanya namba yake kwa idadi ya pakiti zilizobaki, akapata kinachoitwa hesabu halisi: katika hali ya kwanza ni 1.2, katika ya pili ni 4. Kila nukta moja ya hesabu halisi humwongezea mchezaji takriban asilimia 0.5. Kwa hiyo kwenye meza ambayo kasino inaanza ikiwa mbele kwa asilimia 0.5, hesabu halisi ya +1 inawaweka sawa, +2 inampa mchezaji asilimia 0.5, na +4 inampa asilimia 1.5.

Hapo ndipo kina kinapoingia. Mwanzoni mwa kisanduku kilichotoka kuchangwa, hesabu halisi ni sifuri daima. Haiwezi kwenda mbali mpaka karata nyingi zitoke, kwa sababu kigawanyo bado ni kikubwa. Kadiri kisanduku kinavyopungua ndivyo inavyoyumba zaidi, na myumbo huo unaweza kukadiriwa kwa takwimu za kawaida. Kwa pakiti sita, baada ya pakiti moja kutoka, mchepuko sanifu wa hesabu halisi, yaani kipimo cha jinsi inavyotawanyika kutoka sifuri, ni kama 1.2. Zikitoka tatu unafika 2.6. Zikitoka tano unafika 5.8.

Tafsiri yake ni hii. Baada ya pakiti moja, ni visanduku 4 hivi tu kati ya 100 ambavyo hesabu halisi imefika +2 au zaidi, na +4 karibu haionekani kabisa. Nusu ya kisanduku ikishatoka, +2 inaonekana katika visanduku 22 hivi kati ya 100, na +4 katika 6. Pakiti ya tano ikiisha, +2 imefika 36, na +4 imefika 24. Angalia jinsi namba za +4 zinavyokua: kutoka nusu ya kisanduku hadi mwisho wa pakiti ya tano, +2 haikuongezeka hata mara mbili, lakini +4 imeongezeka mara nne. Na +4 ndiyo yenye nyama. Mtu anayepima dau kulingana na nguvu aliyonayo ataweka pale dau mara tatu ya lile la +2, na kila sehemu ya dau hilo itamletea mara tatu. Mkono mmoja wa namna hiyo una thamani ya mikono tisa ya +2.

Ndiyo maana nasema kanuni za meza na kina cha ugawaji ni vitu viwili tofauti kwa asili, si viungo viwili vya mchuzi mmoja. Kanuni zinapanga mahali unapoanzia. Kina kinapanga umbali unaoweza kufika. Mchezaji wa mbinu ya msingi anaishi kwa wastani, hivyo kwake kanuni ndizo kila kitu, na kina hakimgusi karibu kabisa. Mhesabu haishi kwa wastani; anakula kwenye miyumbo. Mkatie miyumbo, umemkatia riziki, hata ukimwachia kanuni zote nzuri duniani.

Tukirudi kwenye meza zetu mbili: tofauti ya kanuni kati yake haifiki nukta moja ya hesabu halisi. Meza ya pili inamchelewesha mhesabu kidogo, anaanza kuwa mbele baada ya +1 badala ya kabla yake. Lakini kina chake kinamletea hesabu za juu mara nyingi kiasi kwamba ucheleweshaji huo unalipwa na kuzidishwa. Nilipokadiria kwa dau linalofuata nguvu ya mchezaji, meza ngumu yenye kina ilitoka na thamani ya zaidi ya mara mbili ya ile ya ukarimu inayokatwa katikati. Kusogeza karata ya kukatia kwa pakiti moja tu nako si kitu kidogo. Ukitoka kwenye kuacha pakiti mbili nyuma ya karata ya kukatia ukaja kwenye kuacha moja, wastani wa mtawanyo wa hesabu halisi katika kisanduku kizima, yaani kipeo cha pili cha ule mchepuko, unapanda kwa zaidi ya robo tatu.

Idadi ya pakiti nayo lazima isomwe pamoja na kina, kwani zote mbili zinafanya kazi kwenye kigawanyo kilekile. Pakiti moja iliyogawiwa hadi nusu inayumbisha hesabu halisi kuliko pakiti sita zilizogawiwa hadi tano: mchepuko ni kama 6.4 dhidi ya 5.8. Pakiti mbili zilizokatwa katikati zinafika mwishoni palepale zinapofika pakiti sita zilizogawiwa hadi nne na nusu. Ndiyo sababu wahesabu wa zamani walizipenda sana meza za pakiti moja. Siku hizi nyingi za meza hizo huko Las Vegas zina ugonjwa mwingine, ambao nitaueleza punde.

Kuna makosa mawili ambayo huwaponza wanaojifunza, na yote yanahusu zile karata zilizo nyuma ya karata ya kukatia. La kwanza ni kugawanya kwa pakiti zilizobaki kabla ya karata ya kukatia, badala ya zote ambazo hazijaonekana. Karata isiyoonekana ni karata isiyoonekana. Mahali ilipolala hapabadilishi chochote. Ikiwa zimetoka pakiti tatu na nusu kati ya sita, na nyuma ya plastiki kuna pakiti moja, basi zilizobaki ni mbili na nusu. Namba yako ikiwa +5, hesabu halisi ni +2. Anayegawanya kwa moja na nusu anapata zaidi ya +3, anaweka dau kubwa kuliko nguvu yake, na anaendelea kufanya hivyo usiku kucha akidhani anacheza sawasawa.

Kosa la pili ni kuamini kwamba hesabu ikiwa juu, makumi yana deni la kutoka kabla ya kisanduku kuisha. Hayana. Kwa wastani, hesabu halisi baada ya raundi ijayo itakuwa ileile iliyopo sasa. Huenda karata zote nzito zimelala nyuma ya plastiki na hazitaonekana mpaka zichangwe. Mhesabu halipwi kwa kutabiri karata ijayo. Analipwa kwa sababu kila karata ijayo ina uwezekano uliopinda kidogo kumwelekea, na upindo huo ukiwa na dau kubwa juu yake mara elfu nyingi, unageuka fedha.

Sasa kanuni zenyewe. Wengi huzipanga kwa ile asilimia zinayoongeza au kupunguza, kisha wanadhani orodha hiyo inamhusu kila mtu. Haimhusu mhesabu kikamilifu, kwa sababu yeye hana dau moja. Dau lake kubwa liko mezani wakati makumi na ree ni nyingi, kwa hiyo kanuni inayofanya kazi wakati huo ina uzito zaidi kwake, na ile inayofanya kazi wakati mwingine ina uzito mdogo.

Kusalimu amri ni mfano mzuri. Kwa mchezaji wa mbinu ya msingi, ruhusa hiyo haifikishi hata asilimia 0.1. Lakini inatumika lini? Pale mchezaji ana 15 au 16 na mgawaji ameonyesha 10. Hali hiyo inazidi kuwa mbaya kadiri makumi yanavyokuwa mengi, yaani wakati uleule ambao dau la mhesabu ni kubwa. Hesabu ikifika juu husalimu amri hata akiwa na 14 dhidi ya 10, uamuzi ambao mbinu ya msingi haiujui. Kwake kanuni hii ina thamani maradufu na zaidi, na inamtulizia pia ile misukosuko ya mtaji ambayo huwaangusha wahesabu wengi kabla ya faida yao kuonekana.

Bima nayo iko hivyo. Mgawaji akionyesha ree, mchezaji anaruhusiwa kuweka dau la pembeni linalolipa 2 kwa 1 ikiwa karata iliyofunikwa ni kumi. Ili dau hilo lisiwe hasara, angalau theluthi moja ya karata zilizobaki lazima ziwe makumi. Kwa kawaida ni 4 kati ya 13, chini ya theluthi, ndiyo maana mbinu ya msingi huikataa daima. Kwa Hi-Lo, mpaka unavukwa hesabu halisi ikifika takriban +3. Kwa hiyo kina kinaamua hata kama bima ina faida yoyote kwako: kwenye meza inayokatwa mapema, +3 ni mgeni wa nadra.

Kanuni nyingine nitazipitia haraka. Mgawaji kuongeza kwenye 17 yenye ree hugharimu kama asilimia 0.2. Kuongeza dau baada ya kupasua kunarudisha karibu 0.14. Pale ambapo mgawaji hachukui karata yake ya pili mpaka wachezaji wamalize, na blackjack yake inafagia madau yote yaliyoongezwa, mchezaji hupoteza takriban 0.11. Hizi zote ni sehemu ndogo ya nukta moja ya hesabu halisi. Zinauma, lakini mhesabu mwenye kina kizuri anaweza kuzibeba.

Kanuni moja haibebeki, nayo ndiyo ule ugonjwa niliouahidi: blackjack kulipwa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2. Kwenye dau la 100, hulipwi 150 bali 120. Blackjack hutokea mara moja hivi katika mikono 21, kwa hiyo pengo hilo linaongeza faida ya kasino kwa takriban asilimia 1.36. Gawanya kwa 0.5 uone: karibu nukta tatu za hesabu halisi zimeliwa kabla hujafungua macho. Kwenye meza ile ngumu ya mfano wetu, mhesabu ambaye angeanza kuwa mbele baada ya +1 sasa anangoja +4 ndipo awe sawa tu na kasino. Na hata hapo hesabu ni mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu ree na makumi yakiwa mengi, blackjack nazo zinaongezeka, kila moja ikilipwa pungufu, tena juu ya dau kubwa. Inakata hasa mahali riziki yake ilipo. Nilipoingiza kanuni hii kwenye meza ile yenye kina cha pakiti tano, thamani yake ilianguka chini hata ya meza ya ukarimu inayokatwa katikati. Kina hakiwezi kuiponya. Ukiona 6 kwa 5 imechapishwa kwenye kitambaa, hakuna haja ya kutazama kitu kingine, na hapo simtenganishi mhesabu na mchezaji wa kawaida.

Historia ya mchezo huu inaonyesha kasino zilijifunza taratibu ni kiungo kipi cha kubana. Mwaka 1962 Edward Thorp, mwanahisabati, alichapisha kitabu kilichothibitisha kwamba mchezo unashindika kwa kuhesabu. Mwaka 1964 kasino za Las Vegas zikajibu kwa kanuni: kuongeza dau kukabanwa, kupasua ree kukakatazwa. Wachezaji wa kawaida walikimbia, na baada ya wiki chache kanuni za zamani zikarudishwa. Tangu hapo mkazo ukahamia kwenye idadi ya pakiti na mahali pa kukata. Naliona hilo kuwa funzo kubwa walilolipata: kanuni huonekana na kila mtu, na ikiwa mbaya inafukuza wateja wote, wahesabu na wasiohesabu. Karata ya kukatia ikisogezwa pakiti nzima, anayeiona ni mhesabu peke yake.

Huko New Jersey jambo hilo lilikuwa zito zaidi, maana mwaka 1982 mahakama kuu ya jimbo hilo iliamua, katika kesi ya Ken Uston, kwamba kasino haikuwa na haki ya kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu karata. Nevada, jimbo lenye Las Vegas, kasino zinaruhusiwa kumtoa. Pale ambapo mlango hauwezi kufungwa, kilichobaki ni kuongeza pakiti hadi nane, kuchanga mapema, na kubana kiwango cha dau. Kuna pia katazo la kuingia kisanduku kikiwa katikati, ambalo halibadilishi mkono wowote lakini linamzuia anayesimama pembeni akihesabu na kungoja namba ipande ndipo aketi.

Mwisho kabisa wa njia hiyo ni mashine inayochanga mfululizo: karata zilizochezwa zinarudishwa ndani kila baada ya raundi moja au mbili, na kina kinakuwa karibu sifuri. Hesabu halisi haipati nafasi ya kuondoka mahali pake. Kwa mchezaji wa mbinu ya msingi, mashine hiyo haimdhuru kwa mkono mmoja mmoja. Inamdhuru kwa kuharakisha mchezo, kwa kuwa hakuna mapumziko ya kuchanga na dau lake linakabiliwa na faida ya kasino mara nyingi zaidi kwa saa.

Kupima kina ni kazi ya macho tu, na hufanywa kabla ya kuketi. Unasimama nyuma ya meza hadi karata ya kukatia itokeze na raundi iishe, kisha unatazama rundo lililo kwenye trei ya karata zilizochezwa na kulilinganisha na lile ambalo mgawaji analitoa kisandukuni. Kwa pakiti sita, trei ikiwa na nne na nusu ni meza ya kuzungumzika. Ikiwa na tano, mtu anavuta kiti. Na kwa kuwa si kila mgawaji huchomeka plastiki mahali palepale, vipimo hivyo hufuata mikono ya mtu, si namba ya meza: zamu ikibadilika, unasimama upya na kuangalia trei tena.